Allen au Humphries: nani awe nguzo ya utafiti wako kuhusu Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika kuhusu Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza hafiki mbali kabla ya kukutana na majina mawili: Robert Allen na Jane Humphries. Wote walikuwa maprofesa wa historia ya uchumi Oxford kwa wakati mmoja, Allen katika chuo cha Nuffield na Humphries katika chuo cha All Souls. Wote wanauliza jambo linalofanana: mtu wa kawaida aliishi vipi katika nchi iliyotangulia dunia nzima kujenga viwanda? Lakini majibu yao hayapatani, na kuanzia 2013 hadi 2020 wamejibizana waziwazi kwenye kurasa za jarida moja, lile la Chama cha Historia ya Uchumi cha Uingereza.

Uamuzi wa nani awe nguzo ya tasnifu yako ni mzito kuliko unavyoonekana siku ya kuandika pendekezo la utafiti. Ukimchukua Allen, umechagua vitabu vya bei na mishahara, majedwali, na kulinganisha nchi na nchi. Ukimchukua Humphries, umechagua tawasifu za makabwela, bajeti za kaya, na watu ambao karani wa zamani hakuona haja ya kuandika majina yao. Nitasema mapema ninakoegemea ili usome yaliyobaki ukijua. Kwa kueneza kipimo kinachotumika duniani kote, Allen hana mpinzani. Kwa kubadilisha swali lenyewe, Humphries amefika mbali zaidi, na katika ugomvi wao juu ya wasokotaji wa uzi, naona ushahidi umesimama upande wake.

Kwanza, tunapimaje athari ya mwanahistoria?

Wengi hukimbilia idadi ya mara ambazo kazi imerejelewa. Kwa wanauchumi kipimo hicho kina maana fulani. Kwa historia ya uchumi kinapotosha, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi nzito iko kwenye vitabu, na kitabu huchukua miaka kabla ya kuanza kuonekana kwenye kazi za wengine. Tena kazi inayopingwa sana nayo hurejelewa sana. Serikali ya Uingereza yenyewe imekiri upungufu huo: katika tathmini ya ubora wa utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2014, asilimia 20 ya alama ilitokana na athari ya utafiti nje ya chuo, na katika ile ya 2021 ikapanda hadi asilimia 25.

Mimi hutumia maswali mawili. Je, watafiti wengine wanaweza kuichukua kazi hii na kuitumia mahali ambapo mwandishi hakuwahi kufika? Na je, baada ya kazi hii, kuna jambo ambalo huwezi tena kuliandika kama ulivyoliandika zamani? Allen anashinda swali la kwanza kwa mbali. La pili ni la Humphries.

Allen: mtu wa kapu

Robert Allen ni Mmarekani aliyepata udaktari wake Harvard, akafundisha miaka mingi Vancouver, Kanada, kisha akaenda Oxford, na mwaka 2013 akahamia tawi la Chuo Kikuu cha New York huko Abu Dhabi. Alianza na kilimo. Kitabu chake cha 1992 kuhusu mashamba ya kusini mwa Midlands, eneo la kati la Uingereza, kilipinga imani iliyozoeleka kwamba kuzungushia uzio ardhi ya pamoja na kuwapa wenye mashamba makubwa ndiko kulikoleta mavuno mengi. Alionesha kwamba wakulima wadogo walikuwa wameshaongeza tija yao kabla ya hapo, na kwamba faida kubwa ya uzio iliingia mifukoni mwa wenye ardhi. Baadaye akaandika kuhusu uchumi wa Kisovyeti. Ni mtu asiyeogopa kuhama uwanja.

Kilichomfanya ajulikane kila mahali, hata hivyo, ni makala yake ya 2001 kuhusu mishahara na bei katika miji ya Ulaya tangu Enzi za Kati hadi Vita ya Kwanza ya Dunia. Tatizo alilokuwa nalo ni la kila mwanahistoria: kibarua wa London alilipwa kwa peni, wa Florence kwa soldi, wa Delhi kwa sarafu nyingine kabisa. Utalinganishaje? Kubadilisha sarafu kuwa uzito wa madini ya fedha hakutoshi, kwani gramu moja ya madini hayo haikununua chakula sawa kila mji.

Allen akatengeneza kapu. Katika toleo lake la maisha ya kubana kabisa, mtu mzima mmoja kwa mwaka mzima anapewa nafaka iliyo ya bei nafuu kuliko zote mahali pale (oti kaskazini mwa Ulaya, mchele au mtama Asia), maharage kidogo, kilo 5 za nyama, mafuta kidogo ya kula, kilo 1.3 za sabuni, mita 3 za kitambaa, kilo 1.3 za mishumaa, lita 1.3 za mafuta ya taa, na kuni au makaa kidogo. Yote hayo yanampa kalori 1,940 kwa siku. Soma orodha hiyo polepole. Mita 3 za kitambaa kwa mwaka! Nyama kilo 5 ni chini ya gramu 100 kwa wiki. Ni kapu la mtu asiyekufa njaa, basi.

Hesabu inafuata: chukua ujira wa kutwa wa kibarua asiye na ujuzi, zidisha kwa siku 250 za kazi, gawanya kwa gharama ya makapu matatu, kwa dhana kwamba mwanaume analisha mke na watoto wanaokula sawa na watu wazima watatu wote kwa pamoja, ukiongeza kidogo kwa ajili ya kodi ya nyumba. Ukipata 1, familia inaishi ukingoni. Katika karne ya 18 kibarua wa London alipata karibu 4. Wa Florence, Delhi na Beijing walikuwa wanazungukia 1.

Kutokana na hapo akajenga hoja ya kitabu chake cha 2009, inayojulikana sasa kama hoja ya uchumi wa mishahara ya juu. Uingereza, anasema, ilikuwa na vibarua ghali na makaa ya mawe rahisi kuliko popote. Kwa hiyo mashine inayookoa nguvu kazi kwa kutumia mtaji au makaa ilileta faida Uingereza na isingeleta faida kwingine. Mfano anaoupenda ni mashine ya kusokota iitwayo jenny, aliyoibuni James Hargreaves huko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, miaka ya 1760. Kwa hesabu ya Allen, mtaji uliowekwa kwenye jenny ulirudisha asilimia 38 kwa mwaka Uingereza, asilimia 2.5 Ufaransa, na huko India ulileta hasara. Ndiyo sababu, anasema, mwishoni mwa miaka ya 1780 Uingereza ilikuwa na jenny kama 20,000, Ufaransa 900, India hakuna. Fikra hii ina uzuri wake, na inamwondolea Mhindi na Mfaransa lawama ya uvivu wa akili ambayo vitabu vya zamani viliwabebesha. Hawakununua jenny kwa sababu isingewalipa.

Kuna kazi nyingine ya 2009 ambayo siku hizi naona ikitajwa hata na watu wasiojua lolote kuhusu Lancashire. Allen alionesha kwamba kati ya 1780 na 1840 pato kwa kila mfanyakazi wa Uingereza lilipanda asilimia 46, huku mshahara halisi ukipanda asilimia 12 tu. Kipindi hicho cha matajiri kutajirika na mshahara kusinzia alikiita kwa jina la Friedrich Engels, aliyeshuhudia Manchester ya miaka ya 1840. Kila mjadala kuhusu roboti na akili mnemba unapofika kwenye swali la nani atafaidi, takwimu hizo hujitokeza.

Na kapu lilisafiri. Mwaka 2017 Allen mwenyewe alilibadilisha kuwa njia ya kupima umaskini wa leo, akionesha kwamba mahitaji ya msingi yanatofautiana na hali ya hewa: wa nchi za baridi anahitaji nguo na nishati zaidi. Watafiti wa Uchina, Amerika ya Kusini, Japani na Afrika wamelichukua kapu wakabadilisha nafaka na kuendelea na hesabu. Hiyo ndiyo athari ya kipimo kizuri: kinatumika na watu wasiokubaliana na mtengenezaji wake.

Humphries: nani hayumo kwenye hesabu?

Jane Humphries ni Mwingereza, alisoma Cambridge na Cornell, akafundisha Massachusetts na Cambridge kabla ya Oxford. Makala yake ya 1990 kuhusu ardhi ya pamoja inaonesha alivyo tangu mwanzo. Wakati wengine wakibishana mavuno yaliongezeka kwa kiasi gani baada ya ardhi kuzungushiwa uzio, yeye aliuliza ng'ombe wa mjane alikwenda wapi. Haki ya kulisha ng'ombe mmoja, kuokota kuni na kuokota masazo ya ngano baada ya mavuno ilikuwa riziki ya wanawake na watoto, na thamani yake haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha mishahara. Ng'ombe mmoja wa maziwa, alionesha, aliweza kuongeza sehemu kubwa kwenye kipato cha kibarua. Ardhi ilipofungwa, kaya nzima ikaanza kutegemea ujira wa mwanaume mmoja.

Akiwa na Sara Horrell alikusanya bajeti za kaya, zikiwemo zile zilizoandikwa na mchungaji David Davies mwaka 1795 na Frederick Eden mwaka 1797, watu waliochunguza kaya za maskini wakauliza mume analeta nini, mke analeta nini, watoto wanaleta nini, mkate ni kiasi gani. Makala yao ya 1992 ilihamisha mjadala wa hali ya maisha kutoka kwa mtu mmoja anayelipwa ujira hadi kwa familia inayokula pamoja.

Lakini kazi iliyomweka katika daraja la peke yake ni kitabu cha 2010 kuhusu utoto na kazi za watoto. Alisoma tawasifu zaidi ya 600 za wanaume wa tabaka la wafanyakazi, nyingine zimechapishwa, nyingine ni miswada iliyoandikwa kwa mkono na wazee kwa ajili ya wajukuu zao. Kila tawasifu aliigeuza kuwa safu ya data: baba alifanya kazi gani, alikuwepo au hakuwepo, mama alifanya nini, watoto walikuwa wangapi, mtoto alianza kazi ana miaka mingapi na kazi gani, alisoma shule muda gani. Halafu akafanya jambo ambalo wanatakwimu wengi hawawezi na wanahistoria wengi hawataki: akaacha jedwali na maneno ya mtu mwenyewe yakae ukurasa mmoja.

Aliyoyapata ni mazito. Kwa waliokuwa watoto wakati viwanda vinapamba moto, umri wa kawaida wa kuanza kazi ulikuwa karibu miaka 10, na maeneo ya viwanda walianza mapema zaidi. Wimbi la kazi za watoto halikuletwa na viwanda vikubwa peke yake. Lilikuwa mashambani, kwenye karakana ndogo, migodini, jeshini. Kazi ya kwanza ya watoto wengi wa vijijini ilikuwa kufukuza ndege shambani, peke yao, kutwa nzima, kwa peni chache. Na sababu moja iliyorudi mara kwa mara ilikuwa baba asiyekuwepo: amekufa, amechukuliwa vitani au baharini, ametoroka. Mama akibaki na watoto, mkubwa wao anakwenda kazini. Wazee hao wanapoandika juu ya mama zao, unaona deni ambalo hawakuwahi kulimaliza.

Kitabu hicho kilikwenda nje ya chuo pia. BBC ilitengeneza filamu ya hali halisi kutokana na utafiti huo, na Humphries mwenyewe akaisimulia. Hata hivyo athari ninayoithamini zaidi imo ndani ya taaluma. Leo mtafiti akiandika "mshahara wa mfanyakazi" bila kusema ni wa mwanaume, ataulizwa. Mwaka 2015 Humphries na Jacob Weisdorf walichapisha mfululizo wa mishahara ya wanawake wa Uingereza kuanzia 1260 hadi 1850, kitu kilichokuwa hakijawahi kuwepo kwa urefu huo. Mwaka 2019 wakarudi na mfululizo wa wanaume walioajiriwa kwa mkataba wa mwaka mzima, wakasema hesabu ya ujira wa kutwa mara siku 250 imetupotosha, kwa kuwa hakuna anayejua kibarua alipata kazi siku ngapi. Kwa makadirio yao, watu wa Enzi za Kati walifanya kazi siku chache kuliko tulivyodhani, na wa enzi ya viwanda walifanya siku nyingi zaidi. Ukilikubali hilo, ukuaji wa uchumi wa Uingereza unaanza takriban karne mbili kabla ya wakati uliozoeleka, na umetokana na watu kufanya kazi zaidi.

Ugomvi wa uzi

Hapa ndipo msomaji anayetaka kuchagua anapaswa kukaa kwa muda, kwa sababu tofauti yao yote imo kwenye gurudumu moja la kusokotea.

Kabla ya mashine, sufu, kitani na pamba zilisokotwa nyumbani. Mwanahistoria Craig Muldrew amekadiria kuwa katikati ya karne ya 18 wanawake na watoto zaidi ya milioni 1 walishiriki kazi hiyo. Mfanyabiashara wa nguo au wakala wake aliwapelekea malighafi, akarudi kuchukua uzi, akalipa kwa ratili. Mwanamke alisokota katikati ya kupika, kunyonyesha na kuchota maji. Jenny ilichukua kazi ya watu hao. Kwa hiyo, kama hoja ya Allen ni ya kweli, hao ndio waliopaswa kuwa ghali.

Mwaka 2013 Humphries alichapisha shambulio lake la kwanza. Alisema kapu la Allen linadhani familia ni ndogo kuliko ilivyokuwa, kwamba kalori 1,940 hazimtoshi mtu wa kazi ngumu wala mama mjamzito, na kwamba kuchukua ujira wa mjenzi wa kiume wa London kuwa ujira wa "Uingereza" ni kuwafuta wengi waliofanya kazi. Allen alijibu mwaka 2015, na kwa heshima yake nasema alijibu kama mwanasayansi: alikubali kuongeza kalori na kukuza familia, akapiga hesabu upya, na akadai Uingereza bado inaongoza.

Kisha Humphries na Benjamin Schneider wakafuata kumbukumbu za malipo ya wasokotaji tangu mwishoni mwa karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 19: mwanamke alisokota kiasi gani kwa siku, na alilipwa kiasi gani kwa ratili. Makala yao ya 2019 ilitoa jibu la wazi. Usokotaji ulikuwa kazi ya ujira mdogo na tija ndogo, na ujira huo haukupanda kwa maana yoyote kabla jenny haijaingia. Aliyebuni mashine hakuwa anakwepa gharama ya kibarua ghali. Sababu ya kubuni itafutwe kwingine. Allen akajibu 2020 akipinga ushahidi wao na namna walivyousoma, nao wakajibu tena mwaka huohuo.

Mimi nimesoma pande zote mbili, na naona mzigo wa kuthibitisha umebaki kwa Allen. Hoja inayosema ughali wa vibarua ulizaa mashine lazima ioneshe ughali huo kwa vibarua walewale ambao mashine iliwaondoa. Mshahara wa fundi wa London hauwezi kubeba hoja kuhusu mama wa Lancashire. Na hata huo wa London umetiwa shaka: mwaka 2018 mwanahistoria Judy Stephenson alionesha kwamba takwimu zilizozoeleka za ujenzi wa London zilikuwa bei ambayo mkandarasi alimtoza mteja, na kwamba alichopokea kibarua mkononi kilikuwa pungufu kwa asilimia 20 hadi 30. Hilo ni pengo la kutosha kutikisa jedwali zima.

Hata hivyo usiitupe hoja ya Allen. Upande wa makaa ya mawe umesimama imara. Chombo cha mvuke cha Newcomen, yaani injini ya kuvuta maji migodini, kilichoanza kazi mwaka 1712 karibu na Dudley, kilikuwa mlaji mkubwa sana wa makaa. Kilikuwa na maana mlangoni mwa mgodi tu, na migodi ya namna hiyo ilijaa Uingereza.

Kapu lilipofika Nairobi

Kwa anayesoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kuna jambo linaloufanya uchaguzi huu uwe wa karibu zaidi. Mwaka 2012 Ewout Frankema na Marlous van Waijenburg walitumia kapu la Allen kupima mishahara halisi ya vibarua wa mijini katika makoloni tisa ya Kiingereza barani Afrika, kati ya 1880 na 1965, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanganyika. Waligundua kwamba mishahara ilikuwa juu ya kiwango cha kujikimu na iliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, na kwamba Afrika Magharibi na Mauritius zilizidi sehemu kubwa ya Asia. Ni matokeo muhimu. Yanapinga dhana kwamba Mwafrika amekuwa maskini wa kutupwa tangu zamani bila mabadiliko. Bila Allen, makala hiyo isingekuwepo.

Sasa lete swali la Humphries mezani. Kapu lina dhana kwamba mshahara wa mwanaume unalisha familia. Katika Kenya ya kikoloni waajiri na serikali walipanga mshahara wa mjini kwa ajili ya mwanaume asiye na familia, wakijua kwamba mke na watoto wako kijijini wanalima. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri jambo hilo, ikapendekeza kuhama kutoka kwenye mshahara wa kapera kwenda kwenye mshahara unaoweza kutunza familia. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi jembe la mwanamke wa Kiambu au Nyanza lilikuwa linamlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya gharama ya kibarua wake. Kwenye uwiano wa ujira na kapu, jembe hilo halionekani kabisa. Unaweza kupata namba nzuri ya Nairobi na usijue kwamba nusu ya hadithi iko shambani.

Ukiwa na nyaraka za kikoloni zenye bei za sokoni na viwango vya ujira, Allen atakupa jedwali ndani ya muhula mmoja. Ukitaka kujua kaya iliishi vipi hasa, utahitaji masimulizi ya wazee, kesi za mahakama za wenyeji, kumbukumbu za misheni na za shule, kisha uzifanyie alichofanya Humphries kwa tawasifu: kuzigeuza data bila kuziua sauti. Hiyo ni kazi ya miaka, na msimamizi wako anapaswa kuambiwa mapema.

Basi uchague yupi?

Mchague Allen ikiwa una muda mfupi, unapenda hesabu, na swali lako linavuka mipaka ya nchi. Mchague pia ikiwa unafundisha: kapu linaeleweka na mwanafunzi wa kidato cha tano kwa kipindi kimoja, na ukimwambia atengeneze la kwao kwa unga wa mahindi, maharage na mafuta ya taa, hatalisahau. Kitabu chake kifupi cha 2011 kuhusu historia ya uchumi wa dunia ndicho lango jepesi kuliko yote ninayoyajua. Udhaifu utakaourithi kwake ni ule wa siku 250 na wa mwanaume mmoja mwenye kuleta riziki. Uutaje wewe kabla mtahini hajautaja.

Mchague Humphries ikiwa swali lako linahusu familia, watoto, wanawake, kazi zisizo rasmi, au kama unashuku kwamba takwimu rasmi za mahali unapopachunguza zimeacha watu nje. Udhaifu wake nao utaje: walioandika tawasifu ni wale waliojifunza kuandika na wakaishi hadi uzee, na wote katika sampuli ya kitabu kile ni wanaume. Yeye mwenyewe amelijadili hilo kwa kirefu, na namna anavyolijadili ni somo tosha la mbinu za utafiti.

Kama hakuna kati yao anayekugusa kwa sababu unavutiwa na mawazo na sayansi kuliko mishahara, basi mtu wako ni Joel Mokyr, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2025 pamoja na Philippe Aghion na Peter Howitt. Kwake yeye kilichoitofautisha Uingereza ni maarifa yenye manufaa na mafundi hodari walioweza kuyafanya yafanye kazi. Kama ni nishati na idadi ya watu, nenda kwa mwanahistoria E. A. Wrigley. Hao wanastahili ulinganisho wao wenyewe.

Kwa tasnifu moja ya uzamili inayoandikwa Afrika Mashariki, na nikilazimika kutaja jina moja la kuwekwa kwenye sura ya nadharia, nitamtaja Humphries, kisha nitachukua kapu la Allen na kuliweka kwenye sura ya mbinu, likiwa limerekebishwa. Soma kwa mpangilio huu: makala ya Allen ya 2009 kuhusu jenny, shambulio la Humphries la 2013, jibu la Allen la 2015, makala ya Humphries na Schneider ya 2019, na majibizano mawili ya 2020. Baada ya hapo fungua kitabu cha watoto cha 2010, na usianze na majedwali. Anza na sura za familia, pale wazee wanapowaeleza mama zao.